Juliet hakusema ndiyo

Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwenye insha yake kwamba Juliet, anapoingia jukwaani mara ya kwanza katika tanzia ya Shakespeare, ni mtoto mtiifu tu, eti hana la kusema. Nilikaribia kumpa alama zote, maana hivyo ndivyo nilivyofundisha kwa miaka mingi. Kisha nikalisoma upya onyesho lenyewe. Kumbe tulikosea sote wawili!

Hebu tulitazame: sehemu ya kwanza, onyesho la tatu. Kabla hatujamwona Juliet, tumekwisha kusikia akijadiliwa. Babake amemwambia Paris, anayemposa, kwamba binti hajatimiza miaka 14, hivyo angoje miwili zaidi. Katika shairi la Arthur Brooke la mwaka wa 1562, ambalo Shakespeare alilitegemea, msichana huyu anakaribia miaka 16. Shakespeare akaupunguza umri huo. Anataka tukumbuke kwamba tunamtazama mtoto.

Sasa mama mtu anamwita amweleze habari za posa. Yaya aliyemnyonyesha anadakia na kuporoja: mara tetemeko la ardhi la miaka 11 iliyopita, mara dawa chungu aliyojipaka titini ili kumwachisha ziwa, mara bintiye Susan, hirimu ya Juliet, aliyefariki. Anakumbuka pia siku Juliet mchanga alipoanguka kifudifudi. Mume wa yaya, ambaye sasa ni marehemu, akamfanyia mzaha wa kikubwa: ukipata akili utaanguka chali, sivyo? Mtoto akaacha kulia, akajibu ndiyo.

Watazamaji hucheka. Lakini kisa hicho kina kazi nyingine. Muda mfupi baadaye mama anauliza jambo lilo hilo kwa lugha ya staha: binti yangu, waonaje kuhusu kuolewa? Safari hii Juliet hasemi ndiyo. Anajibu kwamba hiyo ni heshima ambayo hajaiota. Hajakataa, hajakubali. Anapobanwa kuhusu Paris, anaahidi kumtazama kwa nia ya kumpenda, iwapo kutazama kwaweza kuzaa mapenzi. Tena hatavuka mpaka wa idhini ya mamake. Ni jibu la adabu kabisa, ila limebeba neno "iwapo", na mama haonekani kulisikia.

Tena, mama alikuwa amemwomba yaya anyamaze. Wapi! Yaya aliendelea na kisa chake kilekile. Juliet alipomwomba kwa sentensi moja tu, akakikatiza. Nani basi mwenye usemi chumbani humo?

Juliet ananena mara tano tu katika onyesho hilo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Aliyemsikiliza vizuri hapa hatashangaa baadaye anapojipangia ndoa yake na Romeo, wala anapokataa kuozwa Paris hata babake anapofoka.

Kosa letu la usomaji si dogo. Katika jamii zetu nyingi, msichana akiinamisha kichwa na kunyamaza, wazee husema amekubali. Ikiwa darasani tunafunza kwamba kimya cha Juliet ni utiifu mtupu, tutawezaje kuwasikia mabinti wetu nyumbani?

Insha ile nimeirudisha bila alama. Nimemwomba mwanafunzi alisome tena onyesho hilo, nasi tutalijadili pamoja juma lijalo.