Khalil Halipwi

Katika Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, kuna mkalimani ambaye halipwi. Sikumwona nilipoisoma mara ya kwanza. Nilikuwa chuoni, nasoma kwa ajili ya mtihani, na mtihani unataka ukoloni, utumwa, bustani na safari ya bara. Nilipoirudia kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi (Mkuki na Nyota, 2022), nilikuwa nimeshaacha chuo na nimekula kwa kutafsiri miaka minne. Safari hii nilimwona kabla hata sijamwona Yusuf.

Anaitwa Khalil. Kama hujaisoma, mambo yako hivi. Yusuf ana miaka 12 wazazi wake wanapomkabidhi kwa Aziz, tajiri ambaye mtoto anamchukulia kuwa ndugu wa familia. Anapelekwa pwani, kwenye duka la huyo tajiri, na huko anamkuta Khalil, kijana aliyemtangulia. Khalil ndiye anayempasulia ukweli: huyu si ndugu yako, baba yako anadaiwa, wewe ni rehani. Khalil mwenyewe yuko pale kwa njia hiyohiyo. Anafungua duka, anauza, anapiga soga na wateja, anafunga duka. Mshahara hana.

Lakini kazi yake ngumu haiko dukani. Mke wa tajiri, yule Bibi anayeishi ndani ya kuta za bustani, anazungumza Kiarabu. Ana alama usoni inayomtesa, na ameshika imani kwamba Yusuf, kijana mzuri wa sura, anaweza kumponya kwa dua. Yusuf haelewi Kiarabu. Basi Khalil anaitwa asimame katikati. Anatafsiri shingo upande, kwa hofu, kwa sababu maneno anayobeba ni ya mke wa mtu anayemtaka kijana asogee karibu, na mwenye mke ndiye mwenye deni. Neno likiharibika hapo, si Bibi atakayeumia kwanza.

Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya riwaya, kuliko hata ule msafara ambao kila mtu anausifu. Na ndiyo sehemu iliyofaidika zaidi na Kiswahili. Katika kitabu cha Kiingereza, Bibi, Khalil na Yusuf wote wanasema Kiingereza. Msomaji anaambiwa tu kwamba hapa kuna lugha mbili, anaitikia, anaendelea. Kwa Kiswahili, lugha ya Yusuf inakuwa lugha ya kitabu, na Kiarabu cha Bibi ndicho kinachobaki nje ya mlango. Unakaa palepale alipokaa Yusuf, unamsubiri Khalil afungue mdomo. Hilo Gurnah hakuweza kulifanya kwa Kiingereza hata angetaka. Tafsiri ndiyo iliyolifanya.

Maoni mengi niliyoyasoma kuhusu Peponi yalikuwa na furaha ya aina moja: Nobel ya 2021, mwana wa Zanzibar amerudi nyumbani, hatimaye. Sawa, hata mimi nilifurahi. Lakini huko kurudi nyumbani kulichukua miaka 28, na huwezi kueleza miaka 28 kwa kuzungumzia mapenzi ya lugha peke yake. Lazima uulize nani angelipa.

Waangalie waliotufasiria vitabu. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikuwa na kazi nyingine, kama mnavyojua. Abdilatif Abdalla alimfasiri Ayi Kwei Armah, Wema Hawajazaliwa, miaka ya 1970, enzi alipokuwa mtafiti wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hadjivayanis ni mhadhiri SOAS, London. Sisemi hawakustahili, Mungu apishe mbali. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alikuwa na mshahara unaotoka kwingine. Kwa sehemu kubwa fasihi ya dunia kwa Kiswahili ni zawadi ya watu wenye kazi nyingine, na sisi wahakiki tunaisoma kana kwamba ilishuka yenyewe. Asiye na mshahara wa kwingine atafsiri nini?

Atafsiri fomu. Mimi hutafsiri fomu: za utafiti, za mikopo, za masharti ambayo hakuna anayeyasoma. Hulipwa kwa neno. Kampuni iliyonipa kazi ya kwanza ilinipa senti 3 za dola kwa neno, na nilidhani nimeomoka. Ukurasa wa maneno 300, dola 9. Kisha nikagundua wanahesabu maneno ya Kiswahili, si ya Kiingereza. Sasa piga hesabu. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno sita, kama ya mtu anayesema hatamwambia fulani jambo fulani tena, kwa Kiswahili inakuwa "Sitamwambia tena". Maneno mawili. Ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa vyote vimebanwa ndani ya neno moja, na ubanaji huo ndio ustadi wenyewe, lakini kwenye ankara ni neno moja tu. Nimewahi kujikuta naandika "kwa ajili ya" pale ambapo "kwa" ingetosha. Ukikutana na tafsiri ya Kiswahili iliyojaa mafuta namna hiyo, kabla hujamtukana mfasiri, uliza walihesabu maneno ya upande gani.

Siku hizi hata hiyo imepungua. Maandishi huja yakiwa yameshapitishwa kwenye mashine, nawe unaombwa "kupitia tu", kwa nusu ya bei. Nililetewa fomu ya utafiti wa dawa, ile ambayo mgonjwa anatia sahihi kuonyesha amekubali. Palipotakiwa kuambiwa kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote, mashine ilikuwa imeandika kwamba anaweza kutoa pesa wakati wowote. Maze, nilicheka mpaka nikasimama. Halafu nikamfikiria mama fulani amekaa kwenye benchi la zahanati, anasoma kwamba ameletwa kwa wakala wa M-Pesa, na haki yake ya kukataa sindano imepotea ndani ya kitenzi kimoja. Nilirekebisha. Kwa mujibu wa mkataba, nilikuwa "nimepitia tu".

Mtu atasema soko ni soko, kazi rahisi bei rahisi. Haiko hivyo. Wakalimani wa mikutano hulipwa kwa siku, na ninaowajua, siku yao moja nzuri inapita wiki zangu mbili. Wanakaa wawili kibandani na kupokezana kila nusu saa hivi, maana ubongo unachoka, na kazi yao naiheshimu. Lakini hawalipwi vile kwa sababu ya uchovu. Wanalipwa kwa sababu waziri ameshasimama, maikrofoni iko wazi, na mkalimani akitoka kila kitu kinakwama. Mimi nikitoka, wanatuma imeili kwa mwingine.

Halafu unaingia kortini na hesabu hiyo inavurugika. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Katika korti zetu, mara nyingi anayefasiri ni karani wa korti, yuleyule anayeita majina na kubeba faili. Ulimi wake umehesabiwa pamoja na dawati lake. Kesi nayo haiwezi kusonga bila yeye, kama ule mkutano. Mtu anaweza kufungwa kwa neno lake moja. Na bado.

Hapo ndipo Khalil alinisaidia kufikiri. Anahitajika kama yule wa kibandani, kwa saa hiyohiyo, bila mbadala, na hapati hata ndururu. Kinachokosekana si umuhimu. Ni kwamba Khalil hawezi kusema sitaki. Dada yake, Amina, yumo ndani ya nyumba, ni mke wa tajiri, ametolewa kwa deni, na Khalil habanduki dukani kwa sababu yake. Bei ya mkalimani inafuata uwezo wake wa kukataa, na uwezo huo hauna uhusiano mkubwa na idadi ya lugha anazojua. Mwaka 2021 Jennifer Croft, aliyemfasiri Olga Tokarczuk kwa Kiingereza, alitangaza kwamba hatafasiri tena kitabu ambacho jina lake halitakuwa kwenye jalada. Wengi walimpongeza kwa ujasiri, na alistahili. Lakini alikuwa ameshashinda International Booker mwaka 2018, tuzo ambayo tangu 2016 hugawa pauni zake 50,000 nusu kwa nusu kati ya mwandishi na mfasiri. Alikuwa na pa kusimama.

Mimi niliacha chuo nikidaiwa karo. Kampuni zinazolipa vizuri zinataka karatasi, na hata matokeo ya miaka niliyosoma siwezi kupewa mpaka nimalize deni. Kwa hiyo hukubali nusu bei. Sijilinganishi na Khalil. Mimi naweza kufunga laptop nikaenda Githurai kuuza mitumba, na wapo wenzangu waliofanya hivyo na wanaendelea vizuri kuniliko. Lakini neno rehani lilipogusa macho yangu katika Kiswahili nililisoma mara mbili, jambo ambalo sikulifanya kwa Kiingereza.

Nina ugomvi mmoja na Gurnah. Riwaya inampenda Yusuf, uzuri wake, ndoto zake, ukimya wake, na inamtumia Khalil kama wanavyomtumia Bibi na tajiri: aeleze, afasiri, achekeshe, atupe habari tunazohitaji ili Yusuf aendelee kuwa Yusuf. Hata mwisho, askari wa Wajerumani wanapopita, anayepata tendo la kukumbukwa ni Yusuf, anayekimbia kuwafuata. Khalil anabaki nyuma. Natamani ningekaa naye ukurasa mmoja zaidi, usiku, duka limefungwa, nijue anafanya nini na maneno yote ya watu aliyoyabeba mchana.

Ila kuna jambo moja Gurnah ameliona sawasawa, tena bila kulipigia ngoma. Baadaye, Yusuf anapozidi kuitwa ndani, Khalil si lazima tena. Kuna mwingine anayejua Kiarabu na Kiswahili, na kazi inahamia kwake. Hawakuhitaji kumtafuta mbali. Ni Amina.