Njaa Iliyobandikwa Miaka Sitini Baadaye

Mwaka 1904 kampuni ya uchapishaji ya T. Fisher Unwin ya London ilitoa kitabu cha kumbukumbu za wazee wa Uingereza waliokuwa wadogo katika miaka ya 1840. Walisimulia ughali wa mkate na ufukara wa siku zile. Kitabu kiliitwa "The Hungry Forties". Utangulizi uliandikwa na Jane Cobden Unwin, mke wa mchapishaji na binti wa Richard Cobden, mwanasiasa aliyepigana mpaka Sheria za Nafaka, zilizokuwa zikipandisha bei ya ngano ya kutoka nje, zikafutwa mwaka 1846.

Mbona kumbukumbu hizo zingoje mpaka 1904? Jibu liko katika siasa za mwaka uliotangulia. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain alianza kuzunguka nchi akitaka bidhaa za nje zitozwe ushuru, chakula kikiwemo. Binti wa Cobden aliona kazi ya babake inabomolewa, akawaita wazee watoe ushahidi. Chama cha Kiliberali kilijinadi kwa mkate usio na ushuru, kikashinda uchaguzi wa 1906 kwa kishindo. Ushuru ukazikwa kwa muda, ila jina la kitabu likabaki kuwa jina la muongo mzima. Mwanahistoria W. H. Chaloner alipolichunguza mwaka 1957, alionyesha kwamba ni zao la mabishano ya ushuru ya mwanzo wa karne ya 20. Walioishi miaka hiyo hawakuwa wakiiita hivyo.

Njaa yenyewe ilikuwepo, asikudanganye mtu. Kule Ireland viazi vilianza kuoza mashambani mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa. Lakini mwaka 1847, ambao Waairishi waliuita mweusi kwa wingi wa vifo, ulikuja baada ya Bunge kupitisha sheria ya kufuta ushuru ule wa ngano. Jambo hilo linaitia doa hoja ya kitabu, na kivumishi "hungry" hakina pa kuliweka. Kinasema tu kwamba miaka ilikuwa na njaa, hakisemi njaa ya nani wala ililetwa na nini.

Tazama kinavyofanya kazi. Njaa hushika watu, lakini hapa imehamishwa kutoka matumboni mwa watu ikawekwa kwenye miaka. Kiswahili kingesema "miaka ya njaa", na kwa ile a-unganifu tungebaki na nomino mbili, miaka upande huu na njaa upande ule, msomaji akawa huru kuuliza zilikutana vipi. Kiingereza kinaufanya mwaka wenyewe uwe ndio wenye njaa. Ndivyo ilivyo pia kwa miaka ya 1920 inayoitwa "Roaring", kana kwamba muongo ulinguruma, na ile ya 1960 iliyo "Swinging", sifa ambayo jarida la Time liliubandika mji wa London katika toleo la Aprili 1966. Mkulima wa Kansas aliyeuza mahindi kwa hasara mwaka 1925 hakusikia mngurumo wowote, lakini naye yumo humo humo.

Wapo waliofanya ufundi huu kwa akili zaidi. Mark Twain na Charles Dudley Warner walitoa riwaya yao "The Gilded Age" mwaka 1873, wakiwakejeli walanguzi wa ardhi na wanasiasa wala rushwa wa Washington wa wakati wao wenyewe. Hawakusema zama za dhahabu. Walisema zama zilizopakwa dhahabu, na anayepaka dhahabu ana kitu cha chini yake anachokificha. Kivumishi kimoja kimebeba sifa na shutuma yake pamoja.

Kiwanda kikubwa cha vivumishi vya wakati, hata hivyo, kiko katika kasri la mfalme. Jina la mtawala linapewa kiambishi tamati, na utawala wote unakuwa sifa. Elizabeth I, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, ametoa "Elizabethan". Aliyemfuata, James I, ametoa "Jacobean", neno linalowababaisha hata Waingereza wenyewe, kwa kuwa hawaoni James amejificha wapi humo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hababaiki: waraka wanaouita wa James, sisi tumeusoma siku zote kama Waraka wa Yakobo. Kivumishi kimepitia Kilatini, ambako James ni Jacobus. Mwishilio ndio unaoamua maana. Ukibadilisha ukasema "Jacobite", umetoka kwenye wakati umeingia kwenye kambi: hao ni wafuasi wa James II, aliyeng'olewa mwaka 1688. Ukisema "Jacobin" uko Paris, kwa wanamapinduzi waliokutana katika nyumba ya watawa waliojulikana kwa jina hilo hilo la Yakobo.

Si kila mfalme aliyebahatika. William IV alitawala miaka saba, 1830 hadi 1837, akafa bila kivumishi. Wauza fanicha za kale huandika jina lake kavu kavu, pamoja na namba yake. Kabla yake wafalme wanne mfululizo waliitwa George, na miaka 116 ikafungwa katika "Georgian" moja kwa sababu tu ya kurithishana jina.

Neno lililosafiri kuliko yote ni "Victorian". Edmund Clarence Stedman, Mmarekani, alikitumia kivumishi hicho katika jina la kitabu chake kuhusu washairi mwaka 1875, malkia akiwa hai na akiwa na miaka 26 mbele yake. Wakati huo lilitaja wakati tu, na labda fahari kidogo. Mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni, Lytton Strachey alitoa "Eminent Victorians", akawavua nguo watu wanne waliokuwa wakiheshimiwa mno, Florence Nightingale akiwa mmoja wao. Kizazi kilichotoka kwenye mahandaki kilikuwa tayari kuwacheka babu zake. Leo mtu akisema mtazamo fulani ni "Victorian", hataji mwaka. Anamaanisha una ukali wa maadili uliochanganyika na unafiki, na unaweza kuwa mtazamo wa jana asubuhi. Huko San Francisco, neno lilihamia kwenye mbao: nyumba zenye nakshi na rangi nyingi huitwa "Victorian", na zile zilizojengwa baada ya tetemeko la 1906 huitwa "Edwardian", katika nchi iliyomtimua mfalme wa Uingereza zaidi ya karne moja kabla.

Elizabeth II alitawala miaka 70 na hakupata chake. Alirithi kiti akiwa Kenya, Februari 1952, baada ya kulala katika hoteli ya Treetops karibu na Nyeri. Kabla hata hajavikwa taji mwaka 1953, magazeti ya London yalikwishaanza kuandika juu ya zama mpya za Elizabeth. Jina hilo halikushika. Kivumishi kilikuwa na mwenyewe, kimejaa merikebu na tamthilia za karne ya 16, na mwaka ule Uingereza ilikuwa inaachia makoloni, haikuwa inayatafuta.

Kwetu sisi kivumishi kinachostahili kuangaliwa kwa jicho kali ni "pre-colonial". Kinajifanya cha kitaalamu tu, lakini kinavipa vipindi vyote vya nyuma jina la kitu ambacho kilikuwa bado hakijatokea. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akakuta mji wa wafanyabiashara chini ya sultani wake. Mtemi Mirambo alikufa Unyamwezi Desemba 1884, wakati Mkutano wa Berlin umekwishaanza kukaa. Kati yao pana miaka zaidi ya 550, na kivumishi kinawaweka katika kapu moja kwa sababu wote wawili waliwahi kabla ya Mjerumani. Tafsiri yetu ya shuleni, "kabla ya ukoloni", imelichukua kapu hilo kama lilivyo.

Kati ya mbinu zote hizi, ninayoipendelea ni ile inayoonekana ya kipuuzi kuliko zote: kuiita karne ndefu au fupi. Karne ni miaka mia, mtoto wa darasa la nne anajua. Mwanahistoria Fernand Braudel aliandika juu ya karne ya 16 iliyo ndefu. Eric Hobsbawm akaipa karne ya 19 urefu wa kutoka 1789 hadi 1914, na mwaka 1994 akatoa "Age of Extremes", juu ya karne ya 20 aliyoiita fupi, 1914 hadi 1991. Upuuzi huo ndio faida yake. Ukisikia karne ni fupi, lazima uulize imeanza lini na imeisha lini, na mwandishi analazimika kukujibu kwa tarehe unazoweza kuzipinga. "Hungry" haikuruhusu kuuliza hivyo.

Tarehe za Hobsbawm zimepimwa kwa Sarajevo na Moscow. Ile karne yake ndefu haitukai sawa, kwa kuwa 1789 haikubadilisha kitu Unguja wala Tabora. Ile fupi inatukaa kwa namna ambayo nadhani hata yeye hakuikusudia. Vita vya 1914 vilifika Tanga mwezi Novemba mwaka huo huo. Na Desemba 1991, mwezi ule ule Umoja wa Kisovyeti ulipovunjwa, Bunge la Kenya lilifuta kifungu cha 2A cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu. Tanzania ilifuata mwaka 1992.