KUCHEZA MAAFA NA KUCHEZEA MAAFA: SUALA LA STAHA KATIKA MICHEZO YA VIDEO

Neno mchezo katika Kiswahili hubeba mengi. Mpira ni mchezo, bao ni mchezo, na Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, nayo huitwa mchezo wa kuigiza. Jukwaani watu hufa na vijiji huangamia, wala hapana mhakiki amlaumuye mtunzi kwa kuwa ameufanya msiba kuwa mchezo. Lakini msiba ukitiwa katika mchezo wa video, watu wengi hushtuka na kusema kwamba jambo hilo halifai. Mshtuko huo unastahili kuchunguzwa, kwani huenda ukawa na hoja ndani yake, na huenda ukawa ni mazoea tu.

Makala haya yanakusudia kuitazama michezo ya video inayohusu maafa ya kimaumbile, kama vile matetemeko ya ardhi, mafuriko na tsunami, na kuuliza ni jambo gani linaloupa mmoja staha na kumnyima mwenzake. Mifano itakayojadiliwa ni SimCity wa mwaka 1989, mfululizo wa Kijapani uitwao Zettai Zetsumei Toshi ulioanza mwaka 2002, Stop Disasters! wa mwaka 2007 na MotorStorm: Apocalypse wa mwaka 2011.

Hoja ya Wakati

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko lenye kipimo cha 9.0 lilitokea karibu na pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani, likafuatwa na tsunami. Waliokufa na waliopotea walizidi 18,000. Siku tatu baadaye, tarehe 14 Machi, kampuni ya Irem ilitangaza kuwa imeusitisha mchezo wake Zettai Zetsumei Toshi 4, ambao maudhui yake ni mtu kujiokoa katika mji uliopigwa na tetemeko. Majuma hayohayo MotorStorm: Apocalypse, mchezo wa mashindano ya magari uliotungwa na Evolution Studios ya Uingereza na kutolewa na Sony, uliahirishwa nchini Uingereza, na Japani haukutolewa kabisa. Mandhari yake ni mji wa Marekani unaoporomoka kwa tetemeko huku magari yakishindana.

Maelezo yaliyozoeleka juu ya hatua hizo ni kwamba wakati haukufaa. Hoja hiyo ina ukweli, na jamii ya Waswahili inaifahamu vizuri. Msiba ukitokea huwekwa matanga, na matanga yana siku yake ya kuanuliwa. Kabla ya siku hiyo jirani mwenye haya hapigi ngoma. Tena historia ya mfululizo huo wa Kijapani yaonekana kuithibitisha hoja hiyo. Mchezo wa kwanza ulitoka mwaka 2002, miaka 7 baada ya tetemeko la Kobe la mwaka 1995 lililoua watu zaidi ya 6,000. Ule wa nne ulikamilishwa na kampuni nyingine, Granzella, iliyoanzishwa na mtunzi wake Kazuma Kujo, ukatoka Japani mwaka 2018, miaka 7 baada ya tetemeko la 2011.

Hata hivyo, hoja ya wakati haitoshelezi. Kuanua matanga humwambia jirani ni lini anaweza kupiga ngoma. Hakumwambii ni ngoma ipi ya kupiga. MotorStorm wa tarehe 10 Machi ndio uleule wa tarehe 12. Kilichobadilika ni macho ya mtazamaji. Ikiwa mchezo una kasoro ya staha, kasoro hiyo ilikuwamo tangu ulipotungwa, na maafa yaliifichua tu. Na ikiwa hauna kasoro, basi kuuahirisha ni adabu ya mfanyabiashara, wala si hukumu juu ya kazi yenyewe. Mhakiki hana budi kutafuta kipimo kilichomo ndani ya kazi.

Kauli ya Kutendea

Kipimo hicho chaweza kupatikana katika sarufi. Kitenzi cheza kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea huwa chezea, na kiambishi hicho hubeba maana mbili zinazopingana. Mwanariadha huichezea timu ya taifa, maana yake hucheza kwa ajili yake na kwa niaba yake. Lakini mtu pia huchezea moto, huchezea mali ya yatima, huchezea hisia za mwenziwe. Hapo kitendwa kimefanywa kikaragosi. Umbo ni lilelile, na tofauti iko katika uhusiano wa mtenda na mtendewa.

Hapa ndipo mchezo wa video unapoachana na mchezo wa kuigiza. Mtazamaji wa tamthilia huona tendo la mtu mwingine, ilhali mchezaji hutenda mwenyewe. Swali la staha, basi, ni hili: katika mchezo fulani mchezaji amewekwa wapi mbele ya aliyefikwa na maafa? Je, anacheza kwa ajili yake au anamchezea?

Mifano

Katika SimCity, uliobuniwa na Will Wright, mchezaji ni meya mwenye uwezo upitao wa meya yeyote. Anajenga mji, na akichoka anaweza kufungua orodha ya maafa na kuchagua moto, mafuriko, tetemeko au dubwana. Anapovunja mji alioujenga mwenyewe, hapana wa kulaumu. Ni kama mtoto aibomoavyo nyumba yake ya mchanga. Tatizo liko katika miji iliyotengenezwa tayari ili mchezaji apewe mtihani. Mmojawapo ni San Francisco ya mwaka 1906, ambako tetemeko na moto viliua watu wapatao 3,000. Mwingine ni Tokyo ya mwaka 1957, inayoshambuliwa na dubwana. Maafa ya kweli na ya kubuni yamepangwa katika orodha moja, na wafu wa San Francisco wamepewa uzito sawa na wahanga wa dubwana ambalo halikuwako. Hapo mtunzi hakukusudia dhihaka, ila alisahau.

MotorStorm: Apocalypse una kasoro ya aina nyingine. Haukutaja mji wowote wa kweli, na kwa hiyo hauwezi kushtakiwa kwa kuwadhihaki wafu fulani. Lakini maslahi ya mchezaji yamefungamana na uharibifu. Jengo likianguka, mashindano hunoga. Daraja likikatika, njia mpya hufunguka. Wakazi wachache waliosalia huwa vikwazo njiani. Ufundi wa kuyaonyesha hayo ni mkubwa na hauna haja ya kubezwa, lakini dhamira ya mchezo ni kwamba tetemeko ni pambo la sherehe. Hii ndiyo maana ya pili ya kuchezea, na miaka 7 au 70 haiwezi kuibadilisha.

Zettai Zetsumei Toshi umemweka mchezaji chini ya ukuta unaoanguka. Katika ule wa kwanza yeye ni mwandishi wa habari kwenye kisiwa kilichojengwa na binadamu. Hana silaha ya kupigana na ardhi. Ana kiu, na lazima atafute maji. Katika ule wa nne huona pia njaa, haja na wasiwasi, na ardhi ikitikisika hana budi kuchutama ili asianguke. Udhaifu huo ndio fani yenyewe, nao umebeba maudhui: mtu ni mdogo, na anahitaji watu.

Lakini mchezo huo wa nne una jambo lililowaudhi baadhi ya wachezaji. Mchezaji anapozungumza na waathiriwa hupewa majibu mengi ya kuchagua. Mengine ya huruma, mengine ya ubinafsi, mengine ya kipuuzi kabisa. Je, upuuzi huo ni utovu wa staha? Jibu la haraka lingekuwa ndiyo. Hata hivyo, mila ya utani inatoa funzo. Mtani huja msibani akacheka, akamwigiza marehemu, akadai hata kulipwa. Na wafiwa hawakasiriki, kwa sababu mtani huyohuyo ndiye anayehudumu mazishini. Kibali chake cha mzaha amekilipia kwa kazi. Mzaha wa mchezo huu unapaswa kupimwa vivyo hivyo. Pale ambapo mchezaji amehangaika kumsaidia mtu, kicheko ni pumziko la binadamu aliyechoka. Pale ambapo mzaha umekuja bila kazi yoyote, unaingia katika onyo la wahenga kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mchezo una pande zote mbili, na hilo ndilo doa lake.

Stop Disasters!, uliotolewa na idara ya Umoja wa Mataifa ya kupunguza maafa, umechukua njia ya mafunzo. Mchezaji hupewa fedha na muda kabla tsunami au mafuriko hayajafika. Ajenge nini, ahamishe nani, apande miti wapi? Kwa kipimo cha kauli ya kutendea, anacheza kwa ajili ya wengine. Upungufu wake ni wa kisanaa: watu ni hesabu, na kifo ni alama iliyopunguzwa. Nia njema imeuokoa mchezo na dhihaka, lakini haikuupa uchungu.

Kwa Upande wa Kenya

Mjadala huu si wa Wajapani na Wamarekani peke yao. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, katika mvua za masika zilizoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, maji yalishuka kwa ghafla karibu na Mai Mahiu yakachukua nyumba na makumi ya watu waliokuwa wamelala. Mwanzoni ilisemekana kuwa bwawa limepasuka. Baadaye maelezo ya serikali yakataja njia ya maji iliyoziba chini ya reli. Vijana wa Kenya hutunga michezo ya video, na hapana ajabu siku moja mmoja wao akaligusa jambo kama hilo, pengine kwa Kiswahili.

Kumkataza kungekuwa kosa, maana fasihi iliyokatazwa kugusa misiba hubaki na harusi tu. Lakini itampasa ajue kwamba kuyaita maafa hayo kudra peke yake ni kuficha nusu ya habari. Katika jambo hili mchezo wa video una uwezo usiopatikana kwa urahisi katika shairi au tamthilia: unaweza kumpa mchezaji mfereji uliokwisha kuziba, kiangazi kizima cha kuupuuza, kisha mvua. Mchezaji atakayeyaona maji yakishuka atajua kwamba mkono wake mwenyewe ulikuwamo. Mchezo wa namna hiyo unaweza kutungwa hata kabla miaka 7 haijapita, iwapo mtunzi atakwenda kwanza kwa wenye matanga na kuwasikiliza, na iwapo jina la kijiji na la marehemu hayatatumiwa bila ridhaa yao. Bila hayo, ustadi wake wote wa kuchora maji utakuwa ni kuwachezea watu waliokwisha kuchezewa na mafuriko.