Kuvunjika na Kuvunjwa

"Afia mikononi mwa polisi." Msomaji yeyote wa magazeti ya Kiswahili ameshakutana na kichwa hiki cha habari, na wengi tunakipita kama tunavyopita bei za mafuta. Hebu kitazame leo kama unavyotazama mshororo wa shairi. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendea, kufia, na kazi yake hapa ni kutuonyesha mahali tu. Mikono imetajwa, ila haifanyi chochote. Imegeuzwa kuwa eneo, sawa na mtu kufia hospitalini au kufia Dodoma. Huku kwetu Mkonze mtu akifika msibani swali lake la kwanza ni "Kafa na nini?" Kichwa cha habari hakilijibu hilo.

Anayelijibu ni daktari, na analijibu kwa maandishi. Sisi wapenzi wa fasihi ripoti ya uchunguzi wa maiti hatuihesabu kama kitu cha kusomwa. Ni kavu, imejaa vipimo na majina ya viungo, mwandishi wake kajificha. Lakini mtu akifa mahabusu, mara nyingi haya ndiyo maandishi pekee yanayoweza kubishana na maelezo ya dola.

Chukua kisa cha Albert Ojwang, mwalimu kijana wa Kenya. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu ofisa mkubwa wa polisi, akapelekwa kwa gari hadi Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi. Kufika kesho yake alikuwa amekufa. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Angalia hiyo "ji". Silabi moja, na utetezi wote umekaa ndani yake: mtenda na mtendwa ni mtu yuleyule, wengine wote wako nje ya sentensi.

Tarehe 10 Juni Dk. Bernard Midia, mwanapatholojia wa serikali, alieleza alichokiona. Jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa, majeraha mengi ya tishu sehemu mbalimbali za mwili. Kisha akaeleza hoja yake hatua kwa hatua, na hapo ndipo nilipompenda kama msomaji. Mtu akijigonga ukutani, damu ya ndani ungetarajia kuikuta upande wa mbele wa kichwa. Hapa ilikutwa usoni, pembeni na nyuma. Ukiongeza na majeraha ya mikono na kiwiliwili, habari ya kujigonga haisimami. Hakumtaja mtu wala hakutukana. Aliiondoa "ji" tu. Siku iliyofuata Inspekta Jenerali wa Polisi aliomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo ya awali. Maofisa walioshtakiwa baadaye wamekana mashtaka, na kuamua hilo si kazi ya daktari wala yangu.

Kiswahili kina ngazi nzuri kwa jambo hili. Mbavu zimevunjika: hali tu, hata mti huvunjika kwa upepo. Mbavu zimevunjwa: sasa yupo aliyevunja, ingawa hatumwoni. Fulani kazivunja: hiyo ni hukumu. Daktari mwaminifu anaweza kutupandisha kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili. Ya tatu ni ya mahakama, na mahakama huteleza hapo mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri.

Hola iliteleza. Machi 1959, katika kambi hiyo ya wafungwa wa Mau Mau karibu na Mto Tana, watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye mkokoteni wa maji. Maji! Kisha miili ikachunguzwa, na hakimu Goudie aliyeendesha uchunguzi wa vifo hivyo akaandika kwamba kilichowaua ni mshtuko na kuvuja damu kutokana na michubuko mingi ya kupigwa. Hadithi ya maji ikafa, ila hakimu hakuweza kusema nani alipiga pigo lipi, na hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Kuvunjwa ndiyo, kavunja nani hapana.

Tusiwafanye madaktari malaika. Steve Biko alipokuwa mikononi mwa polisi wa Port Elizabeth mwaka 1977, Dk. Ivor Lang aliandika cheti kwamba hakuona kasoro yoyote kwa mahabusu huyo. Siku chache baadaye Biko alikufa Pretoria kwa jeraha la ubongo. Ukisoma cheti kile leo, lugha yake ni ileile ya kitaalamu, safi, isiyo na jazba. Ukavu wa lugha si ushahidi wa ukweli, na mhakiki anayesifu mtindo bila kuuliza nani alisimama nyuma ya kiti cha mwandishi hajamaliza kazi. Ndiyo maana Itifaki ya Minnesota ya Umoja wa Mataifa, iliyohuishwa mwaka 2016, inataka familia iwe na mwakilishi wakati mwili unapochunguzwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba maandishi haya husomeka upya. Ahmed Timol alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya jengo la polisi Johannesburg mwaka 1971, na ikaamuliwa kuwa kajiua. Mwaka 2017 wanapatholojia Steve Naidoo na Shakeera Holland waliirudia rekodi ya zamani na kuonyesha majeraha ambayo hayakutokana na kuanguka. Jaji Mothle akaamua kuwa aliuawa. Mwili ulikuwa umezikwa miaka 45, karatasi ilikuwa bado inasema.

Kwetu Tanzania, sheria inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aliyeandika ripoti aitwe mahakamani aulizwe maswali. Mwandishi kuitwa aeleze aya yake! Fasihi haijawahi kuwa na bahati hiyo. Lakini pia tunayo PF3, fomu ya polisi ambayo aliyejeruhiwa anaibeba kwenda kutibiwa, na aliyepigwa kituoni anaiomba kituoni hapohapo.

Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, wakituhumiwa mambo ya uchawi na mauaji ya vikongwe. Kujiuzulu kule tunakusifu mpaka leo, na kwa haki. Waliokufa tumewaacha katika kauli ya kutendea. Ningetamani mtafiti mmoja kijana aende kwenye majalada ya mahakama za kanda ile, atafute walichoandika madaktari, atuletee hapa tukisome. Aanze na vitenzi.