Gia ya Nne kwenye Pikapu ya Zamani: Uhai Wake Uko kwenye Kebo

Pikapu za Chevrolet K10 na ndugu zake K5 Blazer za miaka ya 1970, zile za otomatiki, nyingi zilitoka kiwandani na giaboksi ya gia tatu iitwayo Turbo-Hydramatic 350. Ni giaboksi ngumu, lakini gia yake ya juu haipunguzi mzunguko wa injini hata kidogo: injini ikizunguka mara moja, propela nayo huzunguka mara moja. Hilo halikuwa tatizo kubwa pale sheria ya 1974 ilipoweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88, kwenye barabara za Marekani. Leo barabara kuu za huko zinakwenda kasi zaidi, ndiyo maana wamiliki wengi huitoa giaboksi hiyo na kufunga 700R4, yenye gia nne, ambayo General Motors iliianzisha kwa magari ya mwaka 1982. Kazi hiyo inalipa. Lakini inalipa kwa yule tu anayetambua kwamba anabadilisha mfumo mzima kuanzia kabureta hadi difu, kwa sababu 700R4 nyingi zinazoungua baada ya kufungwa kwenye magari haya huuawa na vitu vilivyo nje yake.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha gari lipi linastahili. Chukua pikapu yenye difu ya 4.10 na tairi za inchi 31. Ikienda kilomita 110 kwa saa kwa gia ya tatu, injini inazunguka kama mara 3,040 kwa dakika. Gia ya nne ya 700R4 ina uwiano wa 0.70, hivyo mzunguko unashuka hadi kama 2,130. Kelele inapungua, na injini haichakai haraka. Wakati huohuo gia ya kwanza inapanda kutoka 2.52 hadi 3.06, kwa hiyo gari linaondoka na mzigo kwa wepesi zaidi. Sasa weka difu ya 3.08, iliyokuwamo katika baadhi ya magari hayo. Kwa kasi ileile gia ya nne inaishusha injini hadi kama mizunguko 1,600, na pikapu nzito yenye umbo la sanduku haiwezi kusukuma upepo kwa mzunguko huo bila kulemewa. Kila kilima kitairudisha giaboksi gia ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tatu tena, na klachi zitaliwa bila faida yoyote. Mwenye difu ya namna hiyo ama abadilishe difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ama aache giaboksi yake ilivyo.

Upande wa transfa, yaani kisanduku kinachogawa nguvu kwa difu ya mbele na ya nyuma, una mitego yake, ingawa inapimika kwa macho na futi. Njia safi zaidi ni kununua 700R4 pamoja na transfa ya NP208 kutoka pikapu ya 1982 hadi 1987. Vyote viwili viliunganishwa kiwandani, na mlango wa propela ya mbele uko kulia, sawa na difu ya mbele ya magari ya 1973 na kuendelea. Pikapu mpya zaidi, zilizobadilishwa umbo mwaka 1988, zina mlango huo kushoto, hivyo transfa yake haifai. NP208 pia ina gia nzito ya 2.61, ikilinganishwa na 2.0 ya NP203 ya zamani. Kwa difu ya 4.10, nguvu ya kutambaa inapanda kutoka uwiano wa kama 20.7 hadi 32.7. Giaboksi mpya haina urefu sawa na ile ya zamani, kwa hiyo propela zote mbili zipimwe upya kabla ya kukata chuma chochote.

Kiini cha kazi ni kebo inayotoka kwenye kabureta. Giaboksi ya zamani nayo ina kebo, lakini kazi yake ni kuomba gia ya chini dereva anapokanyaga mafuta hadi mwisho. Presha ya mafuta ya giaboksi hurekebishwa na kifaa kingine, kinachosoma mvuto wa hewa wa injini. Ndiyo maana gari linaweza kutembea miaka bila kebo hiyo. Kwenye 700R4 kifaa hicho hakipo. Kebo ndiyo inayoiambia giaboksi mzigo ni mkubwa kiasi gani, na hivyo ndiyo inayopanga presha inayozibana klachi. Ikilegea, presha inakuwa ndogo, klachi za gia ya tatu na ya nne zinateleza, nazo zinaungua katika safari fupi sana. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kebo lazima ivutwe hadi mwisho. Kabureta isiyo ya asili huhitaji kipande maalumu cha kurekebisha pembe ya mvuto. Fundi makini hufunga pia geji ya presha kabla gari halijatoka karakana.

Jirani wa kebo ni joto. Konveta ya 700R4 ina klachi ya ndani ya kuifunga isiteleze gari likiwa kwenye mwendo, na kwenye magari mengi kompyuta ndiyo iliyoiamrisha. Pikapu ya 1977 haina kompyuta, kwa hiyo inahitaji swichi inayoamka gia ya nne ikiingia na kukata umeme breki ikikanyagwa. Anayeiacha bila waya anapoteza sehemu ya faida aliyoitafuta na kuyachemsha mafuta bure. Kipoza mafuta cha ziada mbele ya rejeta si pambo.

Wanaopinga wana hoja zao. Wanasema 700R4 ni dhaifu, na pengo kati ya gia ya kwanza na ya pili ni kubwa. Pengo lipo kweli: mzunguko unashuka kwa asilimia 47, wakati giaboksi ya zamani inashuka kwa asilimia 40. Lakini kwenye tope dereva ana gia nzito ya transfa, ambayo inampa nafasi ya kuchagua. Kuhusu udhaifu, kwa mvutaji wa trela nzito hoja hiyo ni sahihi. Yeye atafute 4L80E iliyoanza 1991, akubali na gharama ya kompyuta yake. Wengine wanasema mafuta yanayookolewa hayarudishi fedha. Nao wana haki kiasi: mzunguko ukipungua kwa asilimia 30, mafuta hayapungui kwa kiwango hicho, kwa kuwa upepo wa kusukumwa haujapungua. Anayesafiri mara chache asiifanye kazi hii kwa ajili ya pampu ya mafuta.

Mwenye difu ya 3.73 au 4.10, anayekaa barabarani kwa saa nyingi, aifanye. Aagize kebo, kipande chake cha kurekebisha, kipoza mafuta na swichi kabla hajaagiza giaboksi, na asiliwashe gari mpaka kebo imefungwa na kupimwa.