Panya Asiye na Deni

Kitabu chenyewe ni kidogo, kurasa hazifiki mia moja. Ukipanda matatu Migori mjini kwenda Kisii, utakimaliza kabla hujafika. Kinaitwa Who Moved My Cheese?, kimeandikwa na Mmarekani Spencer Johnson na kilitoka mwaka 1998. Tangu hapo kimeuzwa kwa mamilioni, na sehemu kubwa ya mamilioni hayo haikununuliwa na wasomaji. Ilinunuliwa na mabosi, kwa maboksi, wakawagawia wafanyakazi wao.

Mimi pia nilipata changu kwenye boksi. Nilikuwa msimamizi wa ofisi ndogo hapa Suna: watu kumi na wawili, mafaili hadi darini, chai ya saa nne. Mkubwa wetu aliniambia niongoze semina ya nusu siku kuhusu mabadiliko. Nikasoma kwa sauti, nikauliza maswali, tukacheka, tukala mandazi. Wiki sita baadaye mfumo mpya wa kompyuta ukaletwa, na watu saba kati ya wale kumi na wawili wakapewa barua. Mimi sikupewa. Kwa hiyo msinisome kama mhakiki aliyekaa kando. Aliyeshika kitabu ni mimi.

Hadithi ni hii. Panya wawili, Sniff na Scurry, na vijitu viwili, Hem na Haw, wanaishi ndani ya mzingile, yaani njia zinazopinda na kukatana hadi mtu anapotea. Kila siku wanaenda mahali pamoja kula jibini. Siku moja wanafika, jibini haipo. Panya hawana maneno mengi, wanavaa viatu na kwenda kutafuta nyingine. Vijitu vinabaki vikilalamika. Mwishowe Haw anaishinda hofu yake, anaondoka, na njiani anaandika mafunzo ukutani. Hem anabaki palepale na hasira zake. Hadithi yote imewekwa ndani ya hadithi nyingine: watu waliosoma pamoja wamekutana Chicago, mmoja anawasimulia wenzake, kisha wote wanajadili.

Kitabu kina haki yake, na tusimnyime Johnson. Anaijua hofu. Zile kurasa ambapo Haw anasimama gizani, miguu haitaki kwenda, halafu anaanza kujicheka mwenyewe, ni kurasa za kweli. Pia anaona jambo ambalo wengi wetu hulikwepa: jibini haikuisha kwa siku moja. Ilikuwa ikipungua na kuota ukungu, na vijitu vilikuwa vimeacha kuangalia. Kusema ukweli, hata ofisini kwetu dalili zilikuwepo. Mafaili yalikuwa hayaguswi tena, na sisi tuliendelea kuyapanga.

Lakini hebu rudi kwenye jalada. Kichwa cha kitabu ni swali: nani alihamisha jibini yangu? Ukisoma hadi mwisho hupati jibu. Kibaya zaidi, anayeuliza ni Hem, na Hem ndiye mjinga wa hadithi. Kuuliza kumefanywa kuwa ugonjwa. Barbara Ehrenreich alikosoa vitabu vya aina hii mwaka 2009 katika Bright-sided, akionyesha jinsi matumaini yanavyotumika kumnyamazisha anayefutwa kazi. Mimi nilifika hapo kwa njia nyingine, nyumbani kwa baba yangu mdogo.

Yeye alilima tumbaku miaka mingi. Jioni moja nikamsimulia habari za panya, nikidhani atacheka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nyathina, huyo panya alikuwa na deni?"

"La, Jaduong'. Hana deni."

"Basi si angekimbia tu. Hata mimi ningekimbia."

Swali hilo lina uhakiki mwingi kuliko semina yangu nzima. Kilimo cha tumbaku huku Migori kimeendeshwa kwa mkataba. Kampuni inamkopesha mkulima mbegu, mbolea na dawa. Yeye anapanda, anakata kuni, anakausha majani bandani, watoto wakisaidia. Siku ya kuuza, mnunuzi ndiye anayesema jani ni la gredi gani, kisha anakata deni lake kwanza. Kinachobaki ndicho cha mkulima, na kikiwa kidogo, anaingia msimu mwingine akidaiwa. Mtu huyu ukimwambia "vaa viatu, katafute jibini mpya," umemtukana. Anajua fika kwamba jibini imeoza. Amefungwa kamba mguuni, na kamba hiyo haimo kabisa kwenye mzingile wa Johnson. Humo hamna karo, hamna mkopo wa chama, hamna shamba la urithi lenye makaburi ya wazee.

Wala si kweli kwamba watu wa huku wanaogopa mabadiliko. Wasuna wana asili ya Kibantu, na leo wengi wetu lugha ya nyumbani ni Dholuo. Ukoo uliobadilisha hata lugha ya kuombolezea wafu wake utafundishwa nini na panya? Tunajua kubadilika. Tunajua pia kwamba kubadilika kuna gharama, na mara nyingi gharama hiyo haiandikwi popote.

Sasa angalia mabadiliko yaliyoanza kushika. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004 na kutunga sheria yake mwaka 2007. Kuhimiza mazao mbadala ni sehemu ya ahadi hizo, lakini ahadi hailiwi. Kisha mwaka 2022 ukaja mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku hapa Migori, ulioletwa na Shirika la Afya Duniani, FAO na Mpango wa Chakula Duniani pamoja na serikali. Wakulima walipewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakafunzwa, na Mpango wa Chakula Duniani wenyewe ukasimama kama mnunuzi. Maneno mawili ya mwisho ndiyo mazito: kama mnunuzi. Aliyetaka mkulima aruke alikubali kusimama upande wa pili na kumpokea. Kwangu mimi huo ndio uongozi. Anayehubiri mabadiliko abebe sehemu ya hatari yake.

Pia katika maisha ya kweli swali la Hem lina jibu. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari vya umma kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30, kikiwemo Sony cha Awendo, hapo jirani. Wafanyakazi walikuwa wakidai malimbikizo ya mishahara. Huenda kukodisha kulikuwa sawa, huenda hakukuwa sawa. Ila mkataba una sahihi, na sahihi ina jina. Mfanyakazi anayeuliza ni nani, kwa nini, na hela zangu zitalipwa lini, huyo si Hem. Huyo ni mtu mzima anayejua hesabu.

Nafikiri Johnson mwenyewe alihisi pengo hili. Alifariki mwaka 2017, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu cha pili cha hadithi hii, Out of the Maze, ambacho shujaa wake ni Hem. Safari hii anaanza kushuku mzingile wenyewe, na hatimaye anatoka nje. Ni kitabu bora kuliko cha kwanza, na mabosi hawakigawi kwa maboksi. Lakini hata humo, kinachomfunga Hem ni imani zake kichwani. Deni bado halijatajwa.

Nikipewa boksi lile leo, bado ningekisoma na wenzangu, maana hofu ya Haw ni yetu sote. Ila ningeanza na swali la baba mdogo. Ningetaka kila mtu aseme anadaiwa nini na anamlisha nani, halafu mkubwa wetu aseme, mbele yetu, yeye mwenyewe anabeba nini. Siku ile sikuuliza. Mmoja wa wale saba huwa nakutana naye stendi, siku hizi anaendesha boda boda. Husimama, hunibeba, na hukataa nauli yangu. Hajawahi kunitajia jibini, nami sijapata ujasiri wa kumtajia.