Hodi na Karibu katika Sanaa ya Kukutanisha Miji

Msanii akichukua mitambo ya kupelekea sura na sauti, akaunganisha njia za miji miwili iliyo mbali, kazi yake hasa ni ipi? Hakuchora wala hakutunga; wapita njia ndio wasemao na kucheka. Aghalabu hujibiwa kwamba sifa ni ya mafundi. Jibu hilo halitoshi, na kazi mbili zilizopishana kwa miaka 44 zatuonyesha sababu.

Ya kwanza ni Hole in Space, ya Wamarekani Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz. Mwezi wa Novemba 1980, kwa jioni tatu, watu waliopita Lincoln Center mjini New York waliwaona na kuwasikia wenzao waliosimama mbele ya duka moja mjini Los Angeles, nao wakaonwa na kusikiwa vivyo hivyo. Sura zilipitia setilaiti, zikatokea kwa kimo kamili cha mtu. Hapakuwa na tangazo wala kibao cha maelezo. Jioni ya kwanza watu walistaajabu, wakaulizana walipo. Ya pili, habari ilikwisha enea kwa simu, wakaja waliopeana miadi. Ya tatu walikuja jamaa waliotengana kwa miaka mingi, wakaonana.

Ya pili ni Portal ya Benediktas Gylys wa Lithuania, iliyounganisha Dublin na New York tarehe 8 Mei 2024. Ni kiwambo kikubwa cha duara. Sura hupita, sauti haipiti, na hapo mwanzo kilikuwa wazi usiku na mchana. Wengi walipungiana mikono na kucheza. Lakini wako waliojivua nguo, na upande wa Dublin zilionyeshwa picha za minara ya New York ikiwaka moto tarehe 11 Septemba 2001. Tarehe 14 Mei kikafungwa. Kilipofunguliwa tena tarehe 19, saa zake zilipunguzwa, na picha ikafanywa kufifia mtu akiziba kamera.

Yamkini mtu atasema kwamba watu wa leo wamepungukiwa na adabu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mgeni abishaye hodi hungoja kuitikiwa karibu, na katika maneno hayo mawili mna heshima ya pande zote. Galloway na Rabinowitz waliliachia neno lipite: mwenye salamu aliitikiwa, na mwenye tusi angejibiwa papo hapo. Tena walitoa muda mfupi, nao uchache wake ukaupa thamani. Gylys aliondoa neno, akabakiza jicho. Aliyenyimwa kusema hutafuta ishara ya kuonekana mbali, na ishara ya aibu huonekana mbali kuliko zote.

Kuna hoja kwamba ukimya huvusha watu mpaka wa lugha. Baina ya Vilnius na Lublin, zilizounganishwa na Gylys mwaka 2021, hoja hiyo ina nguvu. Baina ya Dublin na New York, ambako wengi husema Kiingereza, nguvu yake ni haba.

Mitambo ya mwaka 1980 ilikuwa dhaifu kuliko ya 2024, na hata hivyo kazi yake ndiyo bora. Basi ubora wa sanaa hii hauko katika mitambo. Msanii hapa ni mwenyeji: ndiye achaguaye mlango, saa, na kama wageni watasikizana. Hapana budi mhakiki amwulize kwanza juu ya hayo, ndipo awalaumu wageni.